Ufundi wa Kuandika Safari Fupi

Kutoka Baraka mpaka Fizi, mashariki mwa Kongo, si mbali. Ni kilomita zisizofika arobaini. Barabara inaliacha Ziwa Tanganyika mgongoni na kupanda milimani, na mwenye pikipiki huenda na kurudi siku hiyo hiyo kama mvua haikuharibu njia. Anayekwenda sokoni haiiti safari. Ndiyo maana ni vigumu sana kuiandika. Mwandishi wa habari za Paris au Dubai anasaidiwa na ugeni wa mahali: hata akiandika ovyo, msomaji atashangaa. Anayeandika njia ya Fizi anasomwa na watu wanaoijua kona kwa kona, na akikosea mto mmoja au kijiji kimoja, wa kwanza kumsoma atamshika.

Nawaheshimu mno mafundi wa kazi hii, na wa mbele kwangu ni Mtoro bin Mwinyi Bakari. Alizaliwa Dunda, karibu na Bagamoyo, na tangu mwaka 1900 alikuwa Berlin akifundisha Kiswahili. Mwaka 1901 Mjerumani Carl Velten alichapisha kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli, chenye habari walizozieleza Waswahili wenyewe. Humo Selemani bin Mwenye Chande anasimulia safari yake ya biashara kutoka pwani mpaka pande za Ziwa Tanganyika, na Selim bin Abakari anaeleza jinsi alivyofuatana na Mjerumani Dk. Bumiller mpaka Urusi na Siberia. Kati ya masafa hayo makubwa, Mtoro anatuletea safari ya Udoe na Uzigua, nchi zilizo nyuma tu ya Bagamoyo. Angeweza kuona haya kuiweka safari hiyo kando ya Siberia. Hakuona haya. Pwani watu walikuwa wakiwazungumza Wadoe kwa hofu. Yeye akaenda, akauliza, akaandika mila zao. Ujasiri wa namna hiyo, wa kuamini kwamba jirani anastahili karatasi na wino, ndio mwanzo wa ufundi wote.

Na lugha yenyewe inamsaidia fundi. Kiswahili kina ile -ka- inayomtembeza msimulizi: tukaondoka, tukafika mtoni, tukakuta maji yamejaa, tukangoja. Kila kitendo ni hatua, na msomaji anatembea nyuma yako bila kuvutwa mkono. Lakini hapo pana mtego. Asiyejua kazi atakwenda na -ka- zake tangu ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho kwa mwendo mmoja, na safari nzima itakuwa vumbi tu. Fundi anajua mahali pa kusimama. Akifika kijijini anaiacha njia, anakaa, anaeleza: maji yanachotwa wapi, chakula gani kilipikwa, salamu zilikwendaje, nani mwenye neno pale. Akishamaliza, anaipokea tena njia. Mimi husoma polepole sana pale msimulizi anaposimama, kwa sababu hapo ndipo anapojulikana kama aliona au alipita tu.

Kupita tu kuna hasara zake, na ushahidi uko hapa mbele ya Baraka. Mwaka 1858 Richard Burton na John Speke walichukua mitumbwi Ujiji, wakavuka ziwa, wakapitia Ubwari kuelekea Uvira. Burton alikuwa mwandishi hodari, mwenye jicho kali na lugha nyingi. Hata hivyo, katika kitabu alichokitoa mwaka 1860 aliiandika Ubwari kuwa kisiwa. Ubwari ni rasi. Upande wa kusini imeshikana na bara, na mvuvi yeyote wa Baraka anaijua nchi kavu ile inayoifunga ghuba. Mwaka 1876 Stanley alilizunguka ziwa lote, akaiona ghuba ilivyo, akaipa jina la Burton, na jina hilo limebaki kwenye ramani nyingi. Sitamlaumu Burton kupita kiasi, maana alikuwa mgonjwa, hata kutembea ni shida. Ila nasema hivi: mtu wa mbali anaweza kuandika vizuri kabisa na bado akakosa jambo ambalo mtoto wa hapa analijua.

Kuhusu subira ya kuandika, hakuna habari inayonigusa kama ya Livingstone mwaka 1871, huko Maniema, upande wa pili wa milima yetu. Wino ulikwisha, karatasi zilikwisha. Akakamua matunda ya mti kupata wino, akaandika juu ya gazeti kuukuu la London, maandishi yake yakikatiza juu ya yale yaliyochapwa. Wino ule ukafifia karibu kupotea, na katika karne hii wataalamu walilazimika kutumia mwanga maalumu ili kuyasoma. Angeweza kusema, nitakumbuka. Alijua kwamba kesho mtu hakumbuki bei, wala jina la kijito, wala mvua ilianza saa ngapi. Anayetaka kuandika safari aandike siku hiyo hiyo.

Sisi wa Fizi ufundi huu tunao mdomoni. Kwa Babembe, anayefika lubunga, pale wazee wanapokaa, hatupi habari yake kama mtu anayetupa mzigo. Anasalimia, anaketi, anaulizwa, ndipo anapoanza: alitoka wapi, alilala kwa nani, njia ikoje, mto Mutambala umejaa au umepungua. Wazee wakisikia amerukaruka, wanamrudisha. Ni wahariri wakali kuliko wote ninaowajua. Nao wavuvi wakirudi asubuhi na samaki wa ndakala wanaeleza usiku mzima wa ziwani kwa maneno machache, upepo kwanza, samaki baadaye, kwa sababu upepo ndio ulioamua kila kitu. Huo ni mpangilio wa hadithi ambao shule nyingi hazifundishi.

Kinachokosekana ni karatasi. Kurasa zinazojulikana sana kuhusu Fizi zimeandikwa na waliokuja kwa shughuli nyingine. Che Guevara alipita Fizi na Baraka mwaka 1965, akaacha kitabu, nacho ni kitabu cha vita. Baada yake zikaja ripoti, nyingi mno, za mapigano na za wakimbizi. Zina haki ya kuwapo. Lakini mtu akizisoma zote hatajua njia ya Fizi inanukia nini baada ya mvua ya kwanza, wala ziwa linaanza kuonekana wapi unaposhuka.

Na kuna wanaohitaji kujua. Mwaka 1996 watu wengi wa Fizi walivuka ziwa kwa sababu ya vita, na wengi wao wakafikia kambi ya Nyarugusu, huko Kasulu, Tanzania. Baadaye baadhi yao wakapelekwa Marekani. Watoto wao wamekua wakilisikia jina la Baraka bila kuikanyaga. Kwa mtoto huyo, kilomita zetu chache za kupanda Fizi ni mbali kuliko Siberia ya Selim. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba karibu na mbali ni mambo ya msomaji. Mwandishi wajibu wake haubadiliki: kuitaja njia kwa usahihi, ili anayeijua akubali na asiyeijua aweze kuifuata.

Basi ndugu yangu uliyeko Baraka, Mboko, Swima au Lulimba, nunua daftari. Ukienda Fizi kumwona shangazi, ukivuka kwenda Ubwari kwa boti, ukitembea jioni mpaka shambani, andika. Weka tarehe juu. Taja mto, taja bei ya mihogo, taja mti kwa Kibembe kama jina lake la Kiswahili hulijui. Uliza wazee pale unapotia shaka, na usiandike ulichokisikia kama ulichokiona. Ukishamaliza, wasomee watu wa njia hiyo kabla ya kumtumia mtu wa mbali.