Uhakiki: Joseph Joachim na Utungo Aliouficha

Katika madarasa yetu ya fasihi simulizi kuna swali lisilozeeka: je, fanani ni mtumishi wa utungo au ni mmiliki wake? Wanafunzi wengi hujibu upesi kwamba ni mtumishi. Tumeona vyema safari hii kulipima jibu hilo kwa kumtazama msanii wa mbali na fani yetu, yaani mpiga fidla Joseph Joachim, ambaye maisha yake yaliunganisha jukwaa, kikundi kidogo na darasa.

Joachim alizaliwa mwaka 1831 huko Kittsee, wakati huo ikiwa sehemu ya Hungaria. Alisomeshwa Vienna na Joseph Böhm, kisha akalelewa kimuziki na Felix Mendelssohn mjini Leipzig. Mwezi Mei 1844, akiwa na umri wa miaka 12 tu, alipiga jijini London utungo wa Beethoven wa fidla na okestra, Mendelssohn akiongoza. Utungo huo wa mwaka 1806 ulikuwa haupigwi mara nyingi, na mtoto huyo alichangia sana kuurudisha jukwaani. Hapa ndipo tunapoiona sifa yake kuu: hakuitumia kazi ili kujionyesha, bali alijitoa ili kazi yenyewe isikike.

Sifa hiyo ilidhihirika zaidi katika kikundi cha wapigaji wanne alichokianzisha Berlin mwaka 1869 na kukiongoza hadi kifo chake mwaka 1907. Katika kundi la fidla mbili, viola na selo, hakuna pa kujificha. Kila mmoja lazima amsikilize mwenzake. Kupitia kundi hilo, tungo za mwisho za Beethoven, zilizodhaniwa kuwa ngumu mno, zilipata hadhira.

Kama mwalimu pia aliacha alama. Mwaka huohuo wa 1869 alikabidhiwa kuongoza chuo kipya cha muziki cha Berlin. Mwanafunzi wake wa awali, Leopold Auer, alikwenda kufundisha St. Petersburg, na huko akamfunza Jascha Heifetz. Hata Johannes Brahms alipotunga kazi yake ya fidla na okestra mwaka 1878, alimpelekea Joachim akimwomba asahihishe. Ikapigwa mara ya kwanza Leipzig tarehe 1 Januari 1879, Joachim akipiga na Brahms akiongoza.

Lakini mhakiki asiishie kwenye sifa. Mwaka 1853 Robert Schumann alimtungia Joachim utungo wa fidla na okestra. Miezi michache baadaye Schumann aliugua akili, akajitosa katika mto Rhine, na mwaka 1856 akafariki. Joachim aliona kuwa kazi hiyo ilibeba dalili za uchovu wa rafiki yake. Kwa kuafikiana na Clara Schumann na Brahms, haikuingizwa katika mkusanyiko wa kazi za marehemu. Joachim aliuhifadhi muswada, wala hakuupiga hadharani maisha yake yote.

Tunakiri kwamba nia ilikuwa njema: alitaka kulinda heshima ya rafiki asiyeweza kujitetea. Tunakiri pia kwamba hakuuharibu muswada, ilhali Clara mwenyewe alizichoma baadhi ya tungo za mumewe za selo mwaka 1893. Hata hivyo, tazameni matokeo. Utungo huo ulisikika hadharani kwa mara ya kwanza mwezi Novemba 1937 mjini Berlin, ukiwa umekaa kimya kwa miaka 84. Waliousimamia ni watawala wa Kinazi, waliokuwa wamempiga marufuku Mendelssohn kwa sababu ya asili yake ya Kiyahudi, na waliotaka kazi ya kuziba pengo lake. Joachim, naye wa ukoo wa Kiyahudi na mwanafunzi wa Mendelssohn huyohuyo, asingeweza kuyatabiri hayo. Lakini mlango uliofungwa na rafiki ulikuja kufunguliwa na maadui.

Hukumu yetu ni hii: Joachim alikuwa mtumishi mwaminifu wa tungo alizozipenda, na mmiliki wa ule alioutilia shaka. Leo kazi hiyo inapigwa na wapiga fidla wengi. Wapo wanaoyaona mapungufu yake, na wapo wanaoupenda mno mwendo wake wa pili. Wote wana haki, kwa kuwa wameusikia.

Nasi walimu tujihoji. Tunapochagua diwani za kusomesha, au kuacha kurekodi masimulizi ya mzee kwa kuwa tunayaona dhaifu, tunafanya kama Joachim. Kuhakiki ni wajibu wetu. Kuinyima hadhira nafasi ya kusikia ni jambo jingine. Tunawaomba wanafunzi waje na mifano yao kwenye semina zetu, wakiwemo watakaotupinga.