Mizizi ya Shamba katika Muziki wa The Avett Brothers

Wahakiki wa muziki wa Marekani wamezoea kulifanya shamba kuwa hati ya ukweli wa msanii: aliyelelewa shambani husadikiwa, na wa mjini hushukiwa. Bendi ya The Avett Brothers ya jimbo la North Carolina hutolewa mara nyingi kuwa mfano wa rai hiyo, kwa kuwa ndugu Scott na Seth Avett walikulia mashambani karibu na Concord, wana wa mchomeleaji vyuma aliyependa kuimba. Rai hiyo haitoshi.

Kwanza, kabla ya kuielekea banjo ndugu hao walipiga roki ya gitaa za umeme katika bendi iliyoitwa Nemo. Ala za shambani, basi, hawakuzirithi tu bali waliziteua. Na walipoziteua hawakuitupa roki. Scott huikung'uta banjo kwa nguvu na kupaaza sauti mpaka ikaribie kupasuka. Aidha, maudhui yao hayakufungwa na shamba: albamu ya Mignonette (2004) imepewa jina la jahazi la Kiingereza lililozama mwaka 1884. Katika I and Love and You (2009), iliyosimamiwa na Rick Rubin, piano ilisogea mbele na ukali wa awali ukapungua. Kilichosalia ni sauti mbili za ndugu zikipatana, na maneno mepesi yasiyojificha nyuma ya mafumbo. Hapo ndipo penye ushamba wao, kwa maana njema ya neno hilo.

Pili, na hili ni kubwa zaidi, mizizi yenyewe ni ya nani? Banjo ilitokana na ala za vibuyu za Afrika ya Magharibi, ikaundwa na watumwa katika visiwa vya Karibi na Amerika. Katika jimbo hilohilo la North Carolina, bendi ya Carolina Chocolate Drops, iliyoanzishwa mwaka 2005, ilijifunza kwa Joe Thompson, mzee Mweusi mpiga fidla, muziki ambao wengi waliudhani kuwa mali ya wakulima Weupe peke yao.

Methali yasema mwacha asili ni mtumwa. Historia ya banjo yaongeza kwamba mtumwa naye hakuiacha asili yake. Mhakiki anayeisifu bendi kwa mizizi yake bila kuitaja historia hiyo husifu tawi na kulisahau shina. The Avett Brothers wapimwe kwa walichokifanya na urithi huo, wala si kwa mahali walipolelewa.