Uwanja Wenye Juu na Chini

Viwanja vya Gusii vina upande wa juu na upande wa chini. Mtu aliyezoea tambarare za Ahero huona ajabu, lakini kuanzia Keroka hadi Nyamira mjini, na kuteremka tena hadi Suneka, ardhi haina desturi ya kulala. Shule hujengwa pale mlima ulipokubali, na uwanja hupewa kilichobaki. Refa anaporusha sarafu, manahodha hawafikirii jua wala upepo. Kila mmoja anataka kipindi cha pili timu yake ishambulie ikiteremka.

Kwenye uwanja mmoja wa namna hiyo, nje kidogo ya Keroka, mji ambao kaunti mbili, Kisii na Nyamira, zinagawana, nilisimama alasiri moja nikitazama wasichana wa sekondari wakifanya mazoezi. Mwalimu wao alikuwa na mipira minne, mmoja umechunika ngozi. Aliwapanga wawili wawili, mmoja juu na mmoja chini. Wa juu aliupiga mpira, wa chini alitakiwa kuupokea na kuutuliza. Basi. Hakukuwa na kulenga goli wala mbio za kuzunguka uwanja. Nusu saa nzima ilikwenda kwa zoezi hilo moja. Aliyeukosa mpira aliufuata hadi kwenye migomba, pengine hadi kijitoni, kisha akaupanda mlima akiwa ameukumbatia.

“Madamu, nimechoka kuteremka,” mmoja alilalamika.

“Basi utulize,” mwalimu akamjibu. “Ukitulia, hakuna atakayeteremka.”

Ufundi huo, wa kupokea mpira na kuutuliza, ndio nilioketi kuusifu. Bao lina mtangazaji wake. Chenga ina kelele za uwanja mzima. Mguso wa kwanza hauna mpambe, kwa kuwa ukifanywa vizuri watu hudhani hakuna kilichofanyika: mpira ulikuwa hewani, sasa uko mguuni, mchezo unaendelea. Watu huutambua siku ulipokosewa. Matokeo ya mechi yakichapishwa gazetini, aliyefunga anatajwa na dakika yake. Aliyeuteka mpira mgumu kwa paja katikati ya mabeki wawili, akampa mwenzake nafasi ya kufunga, hana dakika.

Kanuni za kandanda zinataka mpira wa ukubwa wa tano uwe na uzito wa gramu 410 hadi 450 mechi inapoanza. Hapo ni kabla haujaonja udongo mwekundu wa Nyamira. Nchi hii ya milima hunyeshewa karibu mwaka mzima, na mvua yake hupenda alasiri, saa ile ile ya michezo shuleni, kwa hiyo mpira unaomfikia msichana saa kumi na nusu umelowa, una tope, na unateleza kama sabuni. Ukikuta mguu uliokakamaa, hudunda kana kwamba umegonga ukuta. Mguu unaojua kazi hulegea. Goti linakunjika kidogo, kifundo hakikazwi hadi mwisho, na mpira unapogusa, mguu wenyewe unarudi nyuma kiasi cha shubiri, kama mikono ya mtu anayepokezwa mtoto mchanga. Kasi yote inafia hapo.

Na hiyo ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili iko shingoni. Kabla mpira haujafika, msichana aliyefunzwa amekwisha kugeuza kichwa mara mbili, huku na huku, akajua adui yuko wapi na nafasi iko wapi. Kwa hiyo mpira ukimfikia hausimamishi tu, anauweka: kule anakoelekea, mbali na mguu wa beki, kwenye mguu atakaopigia. Wenye haraka huita jambo hili kipaji. Mimi nimeliona likifundishwa, siku baada ya siku, kwa mipira minne.

Mteremko nao una somo lake. Mpira unaotoka mita moja mguuni kwenye uwanja tambarare bado ni wako. Huku kwetu, ukitoka mita moja kuelekea chini umekwenda. Hivyo kiungo wa Gusii hujifunza mapema kukaa upande wa chini wa mpira, mwili wake ukawa kizuizi, na kuupokea kwa mguu ulio bondeni. Winga anayecheza upande wa chini hujifunza kuuzuia kwa ubavu wa nje wa kiatu, kila mara, bila kufikiri, kwa kuwa adhabu ya kusahau ni safari ya kijitoni. Sidai kwamba mlima ni uwanja bora. Wasichana hawa wanastahili uwanja uliosawazishwa, wenye nyasi. Nasema kwamba ugumu waliopewa wameugeuza kuwa elimu, na elimu hiyo wanayo miguuni hata wakienda kucheza kwenye nyasi za wengine.

Wengi wetu tuliuonja mguso huo kwa mara ya kwanza kwa mpira wa juala, uliofungwa kwa kamba ya mkonge au ya mgomba. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, nikaona watoto wa kijijini wakirudia matambara na magamba makavu ya mgomba, kama walivyofanya babu zao. Mpira kama huo haudundi sawasawa. Una upande mzito na upande mwepesi, nao huulazimisha mguu kusikiliza. Nyumbani kwetu, dada yangu ndiye aliyejua kuusuka ukawa mviringo kamili. Kuucheza tulimwachia kwa dakika chache, kabla hajaitwa kuteka maji. Yeye ndiye mtu wa kwanza niliyemwona kwa macho yangu akiutuliza mpira kwa paja, na mpaka leo nikiona mguso mzuri namkumbuka yeye kabla ya mchezaji yeyote wa televisheni.

Gusii inajulikana zaidi kwa mbio. Naftali Temu wa Nyamira ndiye aliyeipa Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki, katika mita 10,000, Mexico City mwaka 1968. Mary Moraa wa Kisii alitwaa ubingwa wa dunia wa mita 800 mjini Budapest mwaka 2023. Ni fahari kubwa, lakini imezaa mazoea yanayonisumbua. Katika shule nyingi, timu ya soka ya wasichana ikiundwa, anatafutwa kwanza mwenye mbio. Anawekwa pembeni, mpira unapigwa mbele yake, anaambiwa akimbie. Dhidi ya shule jirani mbinu hiyo hushinda. Ikifika ngazi ya juu, kila timu ina wenye mbio, na mwenye mbio asiyejua kupokea mpira anafika haraka mahali ambapo ataupoteza.

Tuliona ushahidi wake Oktoba 2024. Mwezi wa Juni mwaka huo, kwenye uwanja wa Ulinzi jijini Nairobi, Junior Starlets, timu ya taifa ya wasichana chini ya miaka 17, ilimaliza kazi dhidi ya Burundi kwa jumla ya mabao 5-0, ikawa timu ya kwanza ya soka ya Kenya, ya wanaume au ya wanawake, kufuzu kwa Kombe la Dunia la FIFA. Kocha alikuwa Mildred Cheche. Huko Jamhuri ya Dominika, mashindano yalikochezwa, walipangwa pamoja na Uingereza, Korea Kaskazini na Mexico. Kwa tofauti ya saa saba, sisi tuliobaki nyumbani tulikesha.

Uingereza ilitufunga 2-0, Korea Kaskazini 3-0. Watu wengi walilaumu nguvu na maumbile. Mimi niliwatazama Wakorea kwa makini, na nilichokiona si nguvu. Walikuwa wakipokea mpira wakiwa wameshageuka. Mguso mmoja, na mwili wote unatazama lango letu. Wetu walihitaji miguso miwili, wakati mwingine mitatu, na katika mguso ule wa pili ndipo Mkorea alipokuwa akifika. Wasichana hao wa Korea Kaskazini ndio waliotwaa kombe, baada ya kuishinda Hispania kwa penalti. Nchi yao ndiyo iliyokuwa imelitwaa pia mashindano haya yalipoanza New Zealand mwaka 2008.

Kisha ikaja mechi ya mwisho ya kundi, na Kenya ikaifunga Mexico 2-1. Velma Abwire golini hakutetereka. Mbele yake, timu iliyokuwa imeupoteza mpira ovyo siku chache kabla ilikuwa sasa inautuliza. Sikuona wasichana wapya, niliona miguu ileile ikiwa na nusu sekunde zaidi, na nusu sekunde hiyo hainunuliwi dukani. Kenya ilikuwa haijawahi kushinda mechi ya Kombe la Dunia la FIFA la rika lolote. Waliomaliza ukame huo ni watoto wa shule.

Majirani zetu walikuwa wametangulia kutuonyesha. Mwaka 2022 nchini India, Serengeti Girls ya Tanzania chini ya kocha Bakari Shime ilianza kwa kipigo cha 4-0 kutoka kwa Japani. Timu nyingine ingevunjika hapo. Wao waliifunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare ya 1-1 na Kanada, wakaingia robo fainali, wakasimamishwa na Kolombia ya Linda Caicedo kwa mabao 3-0. Ndiyo faida ya mashindano haya ya vijana, ambayo mama zao hawakuyajua, maana yale ya kwanza kabisa ya FIFA ya wanawake vijana yalichezwa Kanada mwaka 2002. Binti wa miaka 16 anaona kwa macho yake ufundi unaofanywa upande wa pili wa dunia, angali na umri wa kurudi nyumbani akajifunza. Mshambuliaji Barbra Banda alikuwa bado mtoto alipokwenda Costa Rica na timu ya Zambia ya chini ya miaka 17 mwaka 2014. Leo mabeki wa dunia nzima wanamjua.

Kwa msichana wa Kenya, njia ya kwenda huko hupitia shuleni. Mashindano huanza kaunti ndogo, yakaenda kaunti, kisha Nyanza nzima, kisha taifa. Wa Kisii na Nyamira wakifika ngazi ya Nyanza hukutana na mabinti wa Kisumu, ambako Nyakach Girls imejenga jina. Wakipita, huko taifani wanangojwa na kina Butere Girls na Wiyeta Girls. Shule hizo hazikubahatisha. Zina walimu waliokaa na kazi hii miaka mingi, na zina saa ya mazoezi ambayo haiporwi na shughuli nyingine.

Saa hiyo ndiyo inayokosekana kwetu. Mapenzi ya soka tunayo. Klabu yetu ya Shabana iliporejea ligi kuu mwaka 2023 baada ya miaka 17, Gusii Stadium ilijaa, na mashabiki wa Tore Bobe, kama inavyoitwa klabu hiyo, wakaifuata timu yao kila ilikokwenda. Lakini nimekaa kwenye mechi za wasichana ambapo watazamaji tulikuwa wachache kuliko wachezaji wa akiba. Na saa kumi jioni, kijana akishika mpira, dada yake ana ndoo, au ana kikapu cha majani chai, au yuko sokoni na mama akipanga ndizi. Mguso wa kwanza huja kwa kurudia, mara mia, mara elfu, na hauwezi kurudiwa na mtu asiyepewa saa moja.

Pale Tabaka, huku huku Gusii, mawe ya sabuni yakishachongwa hupelekwa kwa wanawake. Wao ndio huketi na beseni la maji na msasa, wakasugua kinyago mpaka kidole kisikute mkwaruzo. Mgeni akinunua huuliza jina la mchongaji, hata kama kilichompendeza ni ulaini. Nimewahi kumtazama mama mmoja akisugua kiboko kidogo cha jiwe akiwa amefumba macho, akisikiliza kwa kidole gumba. Ndivyo yule msichana wa Keroka alivyoupokea mpira mwishoni mwa ile nusu saa. Mwenzake aliupiga kwa hasira, juu, wenye tope. Akainua paja, akalilegeza, mpira ukaanguka mbele ya mguu wake wa kulia na kubaki pale pale, juu ya mteremko, kana kwamba ardhi imesawazishwa kwa ajili yake. Mwalimu hakupiga makofi. Alisema tu, “Tena.”

Ukipita barabara ya Keroka kwenda Nyamira jioni, ukaona wasichana wako uwanjani, egesha gari au mwambie mwenye boda akushushe. Usisimame juu ambako kuna kivuli. Nenda upande wa chini, karibu na migomba, na mpira ukija, warudishie.