Swali Bovu Huzaa Foleni

Mwishoni mwa Machi 2020, Wamarekani zaidi ya milioni 6 waliomba mafao ya kukosa ajira ndani ya wiki moja. Tovuti za majimbo zilielemewa. Huko New Jersey, Gavana Phil Murphy alijitokeza Aprili kuwatafuta wanaojitolea wenye ujuzi wa COBOL, lugha ya kompyuta iliyobuniwa mwaka 1959. Tangu hapo wengi huulaumu uzee wa mitambo. Mitambo ilikuwa mizee kweli, lakini madhara makubwa yalikuwa kwenye maswali.

Tazama uthibitisho wa kila wiki. Ili alipwe, mwombaji huulizwa kama wiki hiyo aliweza kufanya kazi na alikuwa tayari kuifanya. Mhudumu ambaye hoteli yao imefungwa kwa korona anajiuliza: kazi ipi, na milango imefungwa? Anabofya "hapana". Sheria haikumuuliza hilo. Ilitaka kujua kama angeifanya kazi iwapo ingepatikana. Jibu lake la kweli linasimamisha malipo, faili linahamia kwa ofisa, na simu ya ofisi haipatikani kutwa nzima. Sababu ya kuondoka kazini nayo ina mtego. Mpishi aliyepunguzwa kwa kukosekana wateja hujiandikia "nilifukuzwa", na papo hapo linaanza shauri la kuchunguza kosa ambalo hakulitenda.

California ilijaribu kuajiri watu zaidi. Timu ya Jennifer Pahlka na Yolanda Richardson, iliyoitwa kuchunguza mwaka huohuo, ilikuta waajiriwa wapya wakiwachelewesha wazoefu, maana wazoefu ndio waliopaswa kuwafundisha. Septemba jimbo lilisitisha kupokea maombi mapya kwa wiki mbili.

New Jersey ilipita njia nyingine, na ndiyo ninayoitetea. Idara ya Kazi na Ofisi ya Ubunifu ya jimbo hazikusubiri mtambo mkuu ubadilishwe. Barua pepe ziliandikwa upya kwa lugha nyepesi, mtu aelewe mara moja anachotakiwa kufanya. Fomu ya maombi ikasukwa upya ili ijazike kwenye simu, na maelezo yakawekwa pale pale penye swali. Kwa Kihispania waliandaa faharasa ya istilahi, ili neno lisibadilike kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine.

Kazi hii haiwezi kuachiwa wachora kurasa peke yao. Swali likirahisishwa mno linaweza kuuliza jambo ambalo sheria haikuliuliza, kwa hiyo mwanasheria na ofisa anayeamua madai lazima wawepo tangu rasimu ya kwanza. Waanze na barua ya hesabu ya mafao. Katika majimbo mengi hutaja kiasi cha kila wiki hata kabla ya kuamuliwa kama mtu anastahili, na msomaji huanza kuipangia kodi ya nyumba fedha hiyo. Juu kabisa, kabla ya tarakimu yoyote, paandikwe: "Bado hatujaamua kama utalipwa."