Mwana Hiti na Mwanasesere: Umbo la Kutunzwa na Umbo la Kuigwa katika Malezi ya Mwali wa Kizaramo

Uhakiki mwingi unaohusu urembo wa msichana anayebalehe huanza na hukumu iliyokwisha kutolewa. Husemwa kwamba mwanasesere wa plastiki, mwenye kiuno chembamba, nywele ndefu na ngozi nyeupe, ndiye aliyempandikizia binti wa Kiafrika tamaa ya kufanana na mwingine, na kwamba malezi ya jadi yalimkinga na tamaa hiyo. Hukumu hii haijakosa ukweli, lakini imekosa ushahidi wa karibu. Katika nchi ya Wazaramo, kuanzia Kisarawe hadi Kibaha na kata zake kama vile Janga na Mlandizi, jadi yenyewe ilikuwa na mwanasesere wake, na mwanasesere huyo aliwekwa mikononi mwa msichana katika umri uleule ambao leo unazua wasiwasi. Anaitwa mwana hiti. Kabla ya kudai kwamba jadi haikumpa binti umbo bora la kuiga, ni sharti mwana hiti asomwe kwanza kama kazi ya sanaa, pamoja na yale ambayo mwali alitakiwa kumtendea.

Kwa umbo, mwana hiti ni kipande cha mti kilichochongwa mviringo, mfano wa mchi mfupi, ambacho mara nyingi hushikika kwa mkono mmoja. Hana mikono wala miguu. Kichwani ana kishungi kilichogawanyika pande mbili. Chini yake ipo shingo, kisha matiti mawili madogo na kitovu. Uso wake haukukamilishwa: macho hudokezwa tu, na midomo mara nyingi haipo kabisa. Umbo hili huonekana pia kwa Wakwere, Wakutu, Wakami na Waluguru, na hurudiwa kwenye fimbo, viti vya wenye mamlaka, ala za muziki na nguzo za makaburi. Jina lake hufasiriwa kwa kawaida kuwa ‘mtoto wa mti’. Kwa mhakiki, kilichoachwa bila kuchongwa kina uzito kuliko kilichochongwa. Kwamba umbo hili limedumu hivyo katika mikono ya wachongaji wengi ni dalili ya uamuzi wa kisanaa, si upungufu wa ufundi. Msichana hawezi kutamani sura ya mwana hiti, kwa kuwa sura yenyewe karibu haipo.

Maelezo yanayotegemewa zaidi kuhusu matumizi yake yametolewa na Marja-Liisa Swantz, aliyeishi na Wazaramo wa Bunju katika nusu ya pili ya miaka ya 1960 na kuchapisha utafiti wake mwaka 1970. Bunju iko upande wa pwani, kaskazini mwa Dar es Salaam, wala si Janga wala Kisarawe. Mila hutofautiana baina ya kijiji na kijiji, na msomaji wa Swantz anapaswa kulikumbuka hilo kabla ya kuutandaza ushahidi wake Uzaramo wote. Hata hivyo, kiini cha maelezo hayo kinalingana na yale ya waandishi wengine. Msichana alipovunja ungo aliwekwa ndani, akawa mwali, akafundwa na kungwi wake. Akiwa ndani alikabidhiwa mwana hiti, akawa anamwosha, anampaka mafuta, anamtengeneza nywele alizopachikwa kichwani na kumbeba kama mtoto. Kumpuuza kulihusishwa na hatari ya utasa. Katika jamii inayohesabu ukoo kwa upande wa mama, hilo halikuwa tishio dogo, maana tumbo la mwali ndilo mlango ambao ukoo mzima ulitarajia kupitia.

Vitenzi hivyo vyafaa kutazamwa kwa makini: kuosha, kupaka, kusuka, kubeba. Vyote ni vitenzi vya mlezi. Hakuna hata kimoja cha kujitazama. Mwali hakuambiwa awe kama mwana hiti, aliambiwa amtunze. Wafasiri wengi huona katika kile kishungi mtindo wa nywele wa mwali mwenyewe, na iwapo ufasiri huo ni sahihi, basi mwelekeo wa kuiga umegeuzwa: mti ndio unaomfuata msichana, si msichana anayeufuata mti. Hapa ndipo jina la ‘mwanasesere wa uzazi’, linalopendwa na waandishi wa orodha za makumbusho, linapopungukiwa. Linataja lengo la ukoo na kunyamazia uhusiano wa kila siku kati ya msichana na kipande cha mti alichokipaka mafuta kwa miezi, labda akiwa na hofu, labda akiwa na mapenzi, na yawezekana akiwa na vyote viwili.

Mwanasesere wa plastiki aliundwa kwa wazo lililo kinyume na hilo. Barbie alioneshwa kwa mara ya kwanza New York mwezi Machi 1959. Muumbaji wake, Ruth Handler wa kampuni ya Mattel, alikuwa amemtazama binti yake Barbara akicheza na picha za karatasi za wanawake watu wazima, akatambua kwamba mtoto wa kike anapenda pia kujichezea maisha yake yajayo, mbali na kucheza umama. Kielelezo cha umbo kilitoka kwa Bild Lilli, mwanasesere wa Kijerumani aliyetokana na katuni ya gazeti na ambaye awali hakukusudiwa watoto. Handler hakuwa na nia mbaya. Alimpa mtoto wa kike nafasi ya kujiwazia katika majukumu mengine nje ya umama, jambo ambalo mwana hiti hakulitoa kamwe. Lakini nafasi hiyo ilikuja na mwili wake. Nyayo za Barbie wa kwanza zilifinyangwa tayari kwa viatu vya visigino virefu, hata hakuweza kusimama peke yake bila egemeo, na macho yake yalitazama kando hadi mwaka 1971. Mtoto akimshika hambebi kama mwana. Anamtazama kama mtu atakayekuja kuwa yeye.

Athari ya kutazama huko imepimwa. Utafiti wa Dittmar na wenzake uliochapishwa mwaka 2006 uliwahusisha wasichana 162 wa Uingereza wenye umri wa miaka 5 hadi 8. Wale wadogo waliooneshwa picha za Barbie hawakuridhika na miili yao kama wenzao walioonyeshwa picha nyingine, na walitamani wembamba zaidi kuliko wao. Kwa wakubwa wa kundi hilo athari ya papo kwa papo haikuonekana. Watafiti walilieleza hilo kwa kusema kwamba mwanasesere anapoachwa kama kielelezo, umbo lake linaweza kuwa limekwisha kuingia ndani ya mtoto. Matokeo haya hunukuliwa mara nyingi nusu tu. Nusu inayoachwa ndiyo inayomhusu msichana wa miaka 13 au 14: anapotaka uso laini wa plastiki, macho makubwa na ngozi isiyo na doa, mwanasesere mwenyewe huenda alikwisha kutupwa zamani. Kumnyang’anya hakutabadilisha kitu.

Toni Morrison alikuwa ameliona hilo mapema katika riwaya yake The Bluest Eye ya mwaka 1970. Claudia, anayepewa mwanasesere wa macho ya buluu kama zawadi, anamvunjavunja ili aone kilichomo ndani kinachopendwa na watu wazima. Pecola hana hata haja ya mwanasesere. Anaupata uso uleule kwenye kikombe cha maziwa chenye picha ya Shirley Temple na katika namna watu wanavyomtazama au kukataa kumtazama, na mwisho anayatamani macho ya buluu hadi akili inamtoka. Uzito wa riwaya hiyo umo katika kuonesha kwamba tamaa ya mtoto huwa imetanguliwa na macho ya watu wazima.

Ni kwa kipimo hicho ambapo malezi ya Kizaramo nayo yanapaswa kuhakikiwa, na hapo hoja ya kinga ya jadi inaanza kuyumba. Mwali hakukaa ndani kumtunza mwana hiti peke yake. Mwili wake mwenyewe ulikuwa ukitengenezwa. Kukaa miezi mingi bila kupigwa na jua, bila kazi za shamba na kwa kulishwa vizuri kulimtoa akiwa amenenepa na ngozi yake imetakata. Kitenzi hiki kinastahili kusitishwa kidogo. Kutakata ni kuwa safi, na kwa ngozi ni kuwa nyeupe au kung’aa. Lugha yenyewe imeviunganisha usafi na weupe katika neno moja, kabla ya duka lolote la vipodozi kufunguliwa Mlandizi. Siku ya kutolewa, mwali alipambwa, akabebwa, akashangiliwa, na macho yote yalikuwa kwake. Siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa sanamu. Kwa hiyo si kweli kwamba umbo bora halikuwepo. Lilikuwepo, ila halikuchongwa kwenye mti. Lilifinyangwa kwenye mwili wa msichana, na yeye hakuulizwa.

Fasihi ya Kiswahili ina ushahidi wa namna hiyohiyo kutoka pwani ya kaskazini. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, ni wasia wa mama mgonjwa kwa binti yake, na sehemu yake inayojulikana sana inahusu mapambo: usafi, nywele, manukato na vito. Wahakiki wamegawanyika kuhusu utendi huo. Wapo wanaouona kuwa ni sauti ya utii kwa mume, na wapo wanaosikia chini yake maarifa ya mwanamke anayejua jinsi ya kuishi katika nyumba ambayo hakuijenga. Kwa mjadala huu inatosha kutambua kwamba macho yanayongojewa na mapambo hayo yamo katika shairi lenyewe, ni ya mume, na mama anayataja bila kuficha. Katika unyago wa Kizaramo macho hayo ni ya ukoo. Kwa Barbie hayana mwenyewe, na huenda hilo ndilo linaloyafanya kuwa magumu zaidi kukabiliwa: msichana huyachukua kuwa yake.

Dola nayo iliwahi kujaribu kuingilia. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza kutekelezwa Januari 1969, ikipiga vita sketi fupi, nywele za bandia, suruali za kubana na krimu za kujichubua kwa jina la utamaduni wa taifa. Lengo lilikuwa kumwondolea kijana wa Kitanzania aibu ya kuiga. Lakini lugha ya kampeni hiyo ilimlenga zaidi mwanamke wa mjini, na waliosimamia mavazi yake barabarani walikuwa hasa vijana wa kiume. Mwili wa msichana ulihamishwa kutoka kwenye macho ya mtengenezaji wa vipodozi hadi kwenye macho ya mlinzi wa utamaduni. Zaidi ya miaka 30 baadaye, Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2003 ilishughulikia jambo hilohilo kwa njia ya busara zaidi, kwa kudhibiti viambato vyenye madhara badala ya kumdhibiti aliyejipaka. Pamoja na hayo mkorogo haujatoweka, kwa sababu sheria hukamata zebaki na haidrokwinoni. Neno kutakata halikamatiki.

Kutokana na hayo, pendekezo la kumrudisha mwana hiti mahali pa mwanasesere wa kigeni lina udhaifu ambao watetezi wake huupita haraka. Mwana hiti alikuwa na maana kwa sababu alikuwa na kungwi, chumba, hofu ya utasa, nyimbo na muda mrefu wa kukaa naye. Muda huo ulipunguzwa na shule, na ni vyema ulipunguzwa. Hakuna hoja ya kisanaa inayotosha kumtoa msichana wa Janga darasani kwa mwaka mzima. Akiondolewa katika mazingira yake na kuwekwa juu ya rafu, mwana hiti naye anakuwa umbo la kutazamwa. Hatua hiyo tayari imetokea katika makumbusho na maduka ya sanaa, ambako nywele alizosukwa mara nyingi zimekwisha kunyofoka na kichwa kimebaki mti mtupu.

Lipo hata hivyo jambo moja ambalo soko limelihifadhi bila kukusudia. Mnunuzi wa mwana hiti hutafuta weusi unaong’aa juu ya mti, na humlipia zaidi aliye nao. Mng’aro huo ni mafuta na jasho la mikono ya wasichana waliomshika, mmoja baada ya mwingine. Mnunuzi wa Barbie wa zamani hutafuta kinyume chake: bei hupanda ikiwa mwanasesere hajawahi kutolewa ndani ya boksi lake.