Hongera, Mafundi wa Kalamu za Wino

Fundi anayeifufua kalamu ya wino ya miaka 70 iliyopita anastahili pongezi za dhati. Chukua Esterbrook J, iliyotengenezwa Camden, New Jersey, nchini Marekani, katika miaka ya 1940 na 1950. Mara nyingi mwili wake bado unang'aa. Kilichokufa ni kimfuko cha mpira kinachobeba wino. Kimekauka kama ganda la yai, na ukiitikisa kalamu unasikia vipande vikigongana ndani.

Fundi huipasha moto shingo ya kalamu, polepole mno, kwani joto likizidi plastiki hupinda na ndiyo basi tena. Ikilegea huichomoa, hukwangua mabaki, kisha huchukua kimfuko kipya namba 16, yaani upana wa robo inchi. Hukipima, hukikata, hukigandisha kwa gundi iitwayo shelaki na kukipaka poda ya talki ili kisisuguane na bapa la chuma linalokikamua. Gundi kali za siku hizi hazigusi. Shelaki hulainika kwa joto, kwa hiyo fundi wa miaka 30 ijayo ataweza kukifungua bila kuvunja kitu. Kumfikiria mtu usiyemjua namna hiyo ni uungwana mkubwa.

Nibu, yaani ncha ya kuandikia, haisumbui: hufunguliwa kama skrubu, ikatiwa nyingine.

Kama babu alikuachia kalamu ya namna hii, tafadhali usiitupe. Ioshe kwa maji ya baridi, uitunze, umtafute fundi.