Deraya Isiyo na Fundi

Tendi zetu za vita humvika shujaa deraya iliyokwisha kufuliwa. Nyundo ya mhunzi haisikiki. Nadhani hii ni kasoro. Itazame glavu ya chuma ya askari wa kale wa Ulaya: fundi humkunjisha mvaaji ngumi kwanza, ndipo apime, kisha hupigilia ribiti vibati juu ya ngozi, vikalaliana mithili ya magamba ya sato, kidole kisikwame kishikapo upanga. Hapo pana beti ngapi! Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyeimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, ikachapwa kwa Kiswahili 1980, si mtunzi wa vita. Lakini kazi za mikono alizisimulia bila haraka. Malenga wa pwani wamsome, na wakifika Mwanza waingie nyumba ya mhunzi, makumbusho ya Bujora.